Msiba Uliokosa Wenyewe: Farrokh Bulsara na Unguja, 1946–2019

Jumapili jioni, tarehe 24 Novemba 1991, alifariki dunia London mwanamuziki mzaliwa wa Unguja aliyekuwa na umri wa miaka 45. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi la Queen. Wazazi wake walimpa jina la Farrokh Bulsara. Siku chache zilizofuata mashabiki walijipanga nje ya ukuta wa nyumba yake mtaa wa Kensington, wengine wakilia, wengine wakiacha maua na barua. Unguja, mahali alipozaliwa, hapakuwa na hata nyumba moja ya kwenda kukaa tanga. Baba yake, mama yake na dada yake wote walikuwa Uingereza tangu 1964.

Watu huuliza kwa nini Wazanzibari walimsahau mtoto wao mashuhuri kiasi hicho. Naona swali hilo limekaa upande. Msiba huwa na wenyewe: jamaa, majirani, waliosoma pamoja, watu wa msikiti mmoja au kanisa moja. Wenyewe wa msiba huu walikuwa wamekwishaondoka miaka 27 kabla ya kifo hicho. Jinsi walivyofika, walivyoondoka, na jinsi jina la marehemu lilivyorudi bila wao, ndiyo historia yenyewe.

Mji wa daraja, hadi 1946

Darajani imepata jina lake kutokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalijaa na kupwa chini yake, na upande huu na ule wakakaa watu wa hali mbalimbali: nyumba za mawe na milango ya nakshi huku, vibanda vya udongo na makuti kule. Mkono ule wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo mpaka ukawa barabara na viwanja, lakini mpaka wa kijamii ulibaki muda mrefu baada ya maji kuondoka. Mwaka 1904 likafunguliwa soko kuu, marikiti ya mawe yenye paa la vigae, na tangu hapo Darajani ikawa mahali ambapo kila mtu wa mji lazima apite: Mswahili wa Ng'ambo anayenunua changu, Mngazija, Mshihiri, Muhindi wa duka la vitambaa, karani wa serikali anayetafuta embe za boribo.

Miongoni mwa jamii hizo, Waparsi walikuwa wachache sana. Hawa ni wafuasi wa dini ya Zoroaster, ambao mababu zao walihama Uajemi wakahamia Gujarat, na karne ya 19 baadhi yao wakavuka bahari kuja Unguja. Walikuwa wahandisi, makarani na wahasibu wa serikali. Walijenga hekalu lao la moto nje ya Mji Mkongwe na wakawa na makaburi yao wenyewe. Bomi Bulsara alitoka mji wa Bulsar, Gujarat, ambao ndio ulioipa familia jina, akaja kuwa keshia wa Mahakama Kuu chini ya serikali ya Kiingereza. Alioa huko India, akamleta mkewe Jer Unguja, na tarehe 5 Septemba 1946 akazaliwa mtoto wao wa kwanza katika hospitali ya serikali, ambayo leo tunaiita Mnazi Mmoja. Dada yake Kashmira alifuata mwaka 1952.

Mji aliozaliwa haukuwa na uhaba wa muziki. Ikhwani Safaa walikuwa wakipiga taarab tangu 1905. Siti binti Saad, aliyezaliwa katika umasikini wa shamba, alikuwa amekwishapanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wa kwanza kati ya waimbaji wa pwani hii kufanya hivyo, na santuri hizo zikarudi zikachezwa kwenye mikahawa pande zote mbili za daraja. Pale Darajani penyewe palikuwa na sinema ya Empire, ambako filamu za Kihindi na za Kimarekani zilileta nyimbo ambazo vijana walitoka wakizipiga mluzi. Mtoto wa karani, anayelelewa na yaya na kusomeshwa na masista wa Kianglikana, aliishi katikati ya hayo yote, ingawa nyumbani kwao kulisikika zaidi muziki wa Kihindi na wa Kizungu.

Meli ya Bombay, 1955–1963

Njia ya bahari aliyopita Siti ndiyo aliyopita Farrokh pia. Mwaka 1955, akiwa na miaka 8, alipandishwa meli kwenda Bombay na kutoka huko akapelekwa Panchgani, mji wa milimani ambako kulikuwa na skuli ya bweni ya St Peter's. Waparsi na Wahindi wengi wa Unguja wenye uwezo walifanya hivyo kwa watoto wao, kwani skuli za bweni za Kiingereza nchini India zilikuwa ngazi ya kupandia kazi za serikali. Kwa mtoto mwenyewe ilimaanisha kuwaona wazazi kwa nadra, mara nyingine baada ya mwaka au zaidi.

Mambo mawili alitoka nayo Panchgani. La kwanza ni jina: wenzake walimwita Freddie na likamganda. La pili ni piano. Mwalimu mkuu aliona kipaji, akawaandikia wazazi kuomba ada ya ziada ya masomo ya muziki, na wazazi wakatoa. Mwaka 1958 wavulana watano wa bweni wakaunda bendi, wakaiita The Hectics, Freddie akiwa kwenye piano. Walipiga roki ya wakati ule, nyimbo za Little Richard na Fats Domino walizozisikia redioni. Alikuwa na uwezo wa kusikia wimbo mara moja kisha akaenda kwenye piano akaupiga.

Februari 1959

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu wakati vijana wale wakijifunza roki kwenye redio ya bweni, muziki huo ulipata msiba wake mkubwa wa kwanza, na namna msiba ule ulivyochukuliwa nyumbani kwa marehemu inasaidia kuuelewa wa kwetu.

Buddy Holly alikuwa kijana wa miaka 22 kutoka Lubbock, Texas. Majira ya baridi ya 1959 alikuwa katika ziara ya miji ya kaskazini ya Marekani, usiku mmoja mji huu, usiku wa pili mji mwingine, kwa mabasi mabovu ambayo hita zake zilikufa njiani. Mpiga ngoma wake alilazwa hospitali kwa miguu kuganda baridi. Baada ya onyesho la Clear Lake, Iowa, Holly alichoka na basi, akakodi ndege ndogo ya abiria watatu ili afike mapema, afue nguo na alale. Viti vingine vilikwenda kwa wanamuziki wenzake wa ziara: kimoja alikipata J. P. Richardson, aliyekuwa na mafua, na kingine Ritchie Valens, mwenye miaka 17, aliyekishinda kwa kurusha sarafu. Rubani alikuwa na miaka 21 na hakuwa na leseni ya kurusha ndege kwa kutegemea vyombo peke yake. Usiku ule kulikuwa na theluji na giza bila upeo wa macho. Ndege iliruka baada ya saa sita za usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari, ikaanguka shambani maili chache kutoka uwanjani. Wote wanne walikufa.

Holly alikuwa na wazazi, ndugu na kanisa Lubbock, na walimzika kwao. Hata hivyo mji wenyewe, mji wa watu wa dini wasioipenda roki, haukumsimamishia sanamu mpaka 1980. Wenyewe wa msiba walikuwepo, majirani walikuwepo, na bado ilichukua miaka 21.

Uhuru wa Desemba na Januari yake

Mwaka 1963 Farrokh alirudi Unguja, kijana wa miaka 16, na akaendelea na masomo katika skuli ya St Joseph's Convent. Nchi aliyoirudia ilikuwa imegawanyika vibaya. Katika uchaguzi wa Julai mwaka ule chama cha Afro-Shirazi Party (ASP) kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP ukaunda serikali kwa viti 18. Kwa watu wa Ng'ambo, ambao wengi wao walikuwa ASP, hesabu hiyo ilikuwa dhuluma isiyofichika. Uingereza ilitoa uhuru tarehe 10 Desemba 1963 kwa serikali hiyo na kwa Sultani Jamshid. Haukufika wiki tano.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vituo vya polisi vya Ng'ambo vilivamiwa na silaha zikatwaliwa. Mchana mji ulikuwa mikononi mwa wanamapinduzi na Sultani yuko baharini. Kwa watu wengi visiwani mapinduzi hayo yalikuwa mwisho wa utawala wa wachache na mwanzo wa kumiliki ardhi. Siku hizohizo maelfu waliuawa, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, pamoja na Waasia, na nyumba na maduka yakaporwa. Mambo yote mawili yalitokea, na historia ya Unguja isiyoyabeba yote mawili ni nusu historia.

Familia ya Bulsara ilikuwa na njia ya kutokea. Bomi alikuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza na alikuwa na pasi ya Uingereza. Mwaka huohuo wa 1964 walifungasha walichoweza kukibeba wakaondoka. Jamii yao ya Waparsi nayo ikapukutika, wengine Uingereza, wengine India, wengine Kanada, mpaka hekalu la moto likabaki bila wa kuwasha moto wake. Farrokh alikuwa na miaka 17. Alipokuja kuwa maarufu hakupenda kuulizwa habari za Zanzibar, na mahojiano yake mengi yanapita utoto wake kwa haraka. Nadhani kijana aliyeondoka kwao katika hali ile ana haki ya kunyamaza. Ila kimya chake kilikutana na kimya cha kisiwa, ambacho nacho kilikuwa na sababu zake za kutotaja waliokimbia, na kati ya vimya hivyo viwili jina likapotea.

Kutoka Feltham hadi Wembley

Familia ilipata nyumba ndogo Feltham, magharibi ya London, karibu na uwanja wa Heathrow. Wakati wa likizo kijana alifanya kazi uwanjani hapo ili apate pesa za masomo. Alisoma sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza 1969, na 1970 akajiunga na Brian May na Roger Taylor kuunda kundi alilolipa jina yeye mwenyewe, Queen. Mwaka huo ndipo alipoacha jina la Bulsara akajiita Mercury. John Deacon alikamilisha kundi mwaka 1971.

Yaliyofuata yanajulikana kote. Wimbo wa Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975, wenye urefu wa karibu dakika 6 wakati vituo vya redio vilitaka dakika 3, ulikaa kileleni Uingereza wiki 9. Tarehe 13 Julai 1985, kwenye tamasha la Live Aid lililofanywa kuwachangia wenye njaa wa Ethiopia, Queen walipanda jukwaa la Wembley kwa muda wa kama dakika 20. Mtu akiangalia picha za siku ile atamwona amevaa singlendi nyeupe na bangili kwenye mkono, akitoa sauti moja ndefu, na watu wapatao 72,000 wakimrudishia sauti ileile kwa pamoja. Anayeijua taarab au ngoma ya kuitikiana anaelewa mara moja kinachofanyika pale: mwimbaji anatupa, kadamnasi inapokea. Sidai kwamba mtindo huo aliutoa Unguja. Nasema kwamba Mzanzibari hahitaji kufasiriwa.

Maradhi, 1982–1991

Wakati Queen wakijaza viwanja, upande wa magharibi wa Ziwa Nyanza watu walikuwa wakikonda na kufa bila madaktari kujua sababu. Rakai, Uganda, ugonjwa ulionekana 1982. Kagera, upande wa Tanzania, wagonjwa wa kwanza walitambuliwa 1983, na watu wa huko wakaupa jina la Juliana. Zanzibar ilithibitisha wagonjwa wake wa kwanza wa ukimwi mwaka 1986. Dawa za kuurefusha uhai hazikuwepo, na aibu iliua haraka kuliko virusi.

Wanamuziki wawili, kila mmoja kwa njia yake, waliikabili aibu hiyo. Philly Lutaaya, Mganda aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao mwaka 1989 na kutangaza hadharani kwamba ana ukimwi. Wengi hawakumwamini, walimwona bado ana nguvu. Alizunguka skuli na makanisa akiimba na kuzungumza mpaka mwili ukakataa, na tarehe 15 Desemba 1989 akafariki akiwa na miaka 38. Uganda nzima ilimlilia, kwa sababu aliwaambia kabla, nao wakapata muda wa kuwa wenyewe wa msiba wake.

Freddie Mercury aligundulika na virusi mwaka 1987 na akachagua siri. Alikuwa na mahusiano na wanaume, na magazeti ya Uingereza ya wakati ule yaliwawinda watu wa aina yake bila huruma. Wapigapicha walikesha mlangoni kwake. Onyesho lake la mwisho na Queen lilikuwa Agosti 1986. Aliendelea kurekodi, na katika miezi ya mwisho aliingia studio akiwa hawezi kusimama muda mrefu, akiimba mstari mmoja mmoja. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa vyombo vya habari kwamba ana ukimwi. Kesho yake akafariki kwa homa ya mapafu iliyoletwa na maradhi hayo.

Mazishi yalifanyika tarehe 27 Novemba. Yeye hakuwa mtu wa ibada, lakini wazazi wake walikuwa, na makasisi wa dini ya Zoroaster walimsomea dua za mababu zao kabla mwili haujachomwa moto. Majivu yalikabidhiwa kwa rafiki yake wa miaka mingi, Mary Austin, ambaye hajasema alikoyaweka. Kwa hiyo hata kaburi la kuzuru halipo.

Bohemian Rhapsody ilitolewa upya na kurudi kileleni, na mapato yake yakaenda kusaidia wagonjwa. Aprili 1992 wenzake walifanya tamasha la kumkumbuka hapo hapo Wembley, na kutokana nalo ukaanzishwa mfuko wa Mercury Phoenix Trust, ambao hadi leo unagharimia miradi ya ukimwi, ikiwemo ya Afrika.

Jina linarudi bila mwenyewe, 1985–2019

Kilichomrudisha Freddie Unguja kilikuwa uchumi. Bei ya karafuu iliporomoka miaka ya 1980 baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa, kuanza kujitosheleza, na serikali ikalegeza biashara na kufungua milango kwa watalii. Watalii walikuja na swali: alizaliwa nyumba gani? Vijana wa kutembeza wageni, wengi wao wakiwa wamezaliwa baada ya familia ile kuondoka, walijifunza jibu kutoka kwa waulizaji. Nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zikaanza kudai kuwa ndiyo. Ufukweni Malindi ukafunguliwa mkahawa uliobeba jina lake.

Hapo ndipo mgogoro ulipotokea. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kuadhibu mahusiano ya jinsia moja. Mwaka 2006, ilipopangwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga, ikisema maisha yake yalikwenda kinyume cha Uislamu na kumsherehekea kutaipa Zanzibar sura isiyo yake. Sherehe ikafutwa. Naelewa hofu ya wazee wanaoona mji wao ukibadilishwa na wageni mbele ya macho yao, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini katika ubishi mzima, kwa pande zote mbili, hakuzungumzwa mtoto wa Kiparsi wa keshia wa mahakama. Upande mmoja ulitetea biashara na mwingine ulitetea dini, na yeye hakuwa mtu wa dini hiyo wala mwenye hisa katika biashara hiyo. Angekuwepo Mparsi mmoja Mjini wa kusema "huyu ni mwenetu, mwacheni", mazungumzo yangekuwa mengine. Hakuwepo.

Bomi Bulsara alifariki 2003, Jer mwaka 2016. Mwaka huohuo wa 2016 nyumba ya Feltham ilibandikwa kibao cha buluu cha kumbukumbu, Kashmira akiwepo. Mwaka 2018 ikatoka filamu ya maisha yake, Rami Malek akaja kupata Oscar kwa kumwigiza, na wageni wanaomuulizia wakaongezeka Unguja. Novemba 2019, miaka 28 baada ya kifo, likafunguliwa jumba la makumbusho la Freddie Mercury barabara ya Kenyatta, Shangani. Lilifunguliwa bila maandamano.

Mwaka huohuo wa 2019, mwendo mfupi kutoka hapo, chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa 2002 na ambacho kimewafundisha vijana wa Ng'ambo na wa Mjini udi, kanuni, fidla na piano bila kupanda meli ya Bombay, kilitangaza kwamba fedha zimekwisha na huenda kikafungwa.